Siku 90 za kiti kilicho wazi: uchaguzi mdogo wa ubunge Kenya unavyoendeshwa

Mbunge anapofariki, hakuna kinachoanza kisheria hadi Spika aandike barua. Wanasiasa watajaa matangani wakinong'onezana nani atamrithi, magazeti yatataja majina, na mabango yataanza kubandikwa kabla hata marehemu hajazikwa, lakini hayo ni maneno tu. Kifungu cha 101 cha Katiba ya Kenya kinampa Spika siku 21 tangu kiti kiwe wazi kuijulisha kwa maandishi Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, na kinataka uchaguzi mdogo uwe umefanyika ndani ya siku 90.

Watu wengi huzihesabu hizo siku 90 kuanzia barua ya Spika, au kuanzia tangazo lilipochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Sivyo. Zinahesabiwa kuanzia siku kiti kilipobaki wazi. Spika akizimaliza siku zake 21, tume inabaki na 69. Tume nayo ina siku 21 za kuchapisha ilani baada ya kupokea barua. Ikizitumia zote, zimebaki 48. Ndani ya siku hizo 48 vyama vifanye mchujo, majina yawasilishwe, karatasi za wawaniaji zikaguliwe, malalamiko yasikizwe, kampeni zipigwe, karatasi za kura zichapishwe na makarani wafunzwe. Ukichimba mizozo mingi ya uchaguzi mdogo utakuta mizizi yake imo katika hesabu hii ya siku, wala si katika sanduku la kura.

Kiti kinavyobaki wazi

Kifo ndicho sababu inayojulikana zaidi, lakini Kifungu cha 103 kina orodha ndefu: mbunge kujiuzulu kwa barua kwa Spika, kukosa vikao vinane katika msimu mmoja wa bunge bila ruhusa ya maandishi wala maelezo ya kuridhisha, kupoteza sifa za kuwa mbunge, kuhama chama kilichomdhamini, au, kama alichaguliwa bila chama, kujiunga na chama. Hii ya kuhama chama inatisha kwenye karatasi tu. Kwa vitendo mbunge anaweza kupigia debe chama kingine miaka mitatu mchana kweupe, kwa kuwa chama chake lazima kwanza kifuate taratibu za ndani, kisha mzozo uende kwa Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, halafu mahakamani. Hadi hukumu itoke, uchaguzi mkuu umebisha hodi.

Haki ya wapigakura kumwondoa mbunge wao, iliyomo katika Kifungu cha 104, haijawahi kumng'oa yeyote. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilivifuta vipengele vya Sheria ya Uchaguzi vilivyoeleza utaratibu wa kufanya hivyo.

Njia nyingine ni uteuzi. Katiba ya 2010 hairuhusu Waziri kuwa mbunge. Opiyo Wandayi alipoingia Wizara ya Kawi mwaka 2024, Ugunja ikabaki bila mbunge. Geoffrey Ruku alipopewa Wizara ya Utumishi wa Umma mwaka 2025, Mbeere North ikabaki vivyo hivyo. Lakini John Mbadi, aliyeingia Baraza la Mawaziri wakati mmoja na Wandayi, hakusababisha uchaguzi wowote. Mbadi alikuwa mbunge maalum aliyeteuliwa na chama cha ODM, na kiti cha aina hiyo hujazwa kutoka orodha ya chama. Kwa upande wa Bunge, uchaguzi mdogo unahusu wabunge wa maeneobunge 290, wawakilishi wa kike wa kaunti 47 na maseneta 47 waliopigiwa kura, basi.

Na kuna mahakama. Magarini, kaunti ya Kilifi, Harrison Kombe alitangazwa mshindi mwaka 2022 kwa kura 11,946 dhidi ya 11,925 za Stanley Kenga. Tofauti ya kura 21. Mahakama Kuu ikaufuta ushindi huo, mshindi akakata rufaa, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2024 iliidhinisha kufutwa kwake. Kombe hakuzuiwa kuwania tena; kufutiwa ushindi si sawa na kupigwa marufuku, isipokuwa mahakama impate mtu na hatia ya kosa la uchaguzi.

Mtego wa mgombea huru

Hapa ndipo kalenda inapouma, na sijui kwa nini halizungumzwi zaidi. Kifungu cha 85 kinasema mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda wa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Sasa weka sharti hilo kando ya zile siku 90. Miezi mitatu ni kati ya siku 89 na 92. Kwa hiyo uchaguzi mdogo ukifanyika ndani ya muda wa Katiba, anayetaka kuwa mgombea huru lazima awe ametoka chamani karibu siku ileile kiti kilipobaki wazi au kabla yake. Yaani angejiuzulu chama kabla hajajua kuwa mbunge atafariki!

Matokeo yake ni kwamba mtu anayeshindwa katika mchujo wa chama hana pa kwenda. Katika uchaguzi mkuu huyo hujipanga mapema. Katika uchaguzi mdogo mlango umefungwa kabla mchujo haujaitishwa. Vyama vikubwa vinalijua hilo, na ndiyo sababu tiketi ya moja kwa moja hutolewa kwa urahisi zaidi wakati huu.

Ukitazama wagombea huru waliovuma katika chaguzi ndogo, utaona mara nyingi muda ulikuwa umerefushwa. Suleiman Dori wa Msambweni, Kwale, alifariki Machi 2020. Korona ikaisimamisha ratiba, na kura zikapigwa 15 Desemba, miezi tisa baadaye. Feisal Bader, mgombea huru, akamshinda Omar Boga wa ODM kwa kura 15,251 dhidi ya 10,444. Kasipul nako, ambako mbunge Charles Ong'ondo Were aliuawa kwa risasi Nairobi mwishoni mwa Aprili 2025, kura zilipigwa karibu miezi saba baadaye, na mpinzani mkuu wa ODM alikuwa mgombea huru, Philip Aroko. Muda mfupi ungemweka pagumu yeyote anayetaka kuingia kinyang'anyironi bila chama.

Mgombea huru anahitaji pia kuungwa mkono na wapigakura 1,000 waliosajiliwa katika eneobunge hilo. Orodha hizi huangushwa na makosa madogo: nambari ya kitambulisho isiyolingana na sajili, mtu aliyesajiliwa eneobunge jirani, sahihi inayojirudia. Anayeleta majina 1,000 kamili anajitafutia balaa. Alete ziada, ili yakikatwa machache abaki juu ya idadi inayotakiwa. Ada ya uteuzi ni Sh20,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Madiwani, watumishi wa umma na jina lisiloonekana

Diwani anayetaka ubunge katikati ya muhula lazima aachie wadi yake, kwa sababu Kifungu cha 99 kinamzuia mjumbe wa bunge la kaunti kuchaguliwa mbunge. Akishindwa, harudi. Mbeere North ilionyesha hili wazi: Newton Karish na Duncan Mbui waliacha viti vya Muminji na Evurore ili kuwania ubunge, wote wakaanguka, na wadi zote mbili zikahitaji uchaguzi mdogo wao wenyewe. Kiti kimoja kikazaa viwili.

Mtumishi wa umma naye, ambaye kwa uchaguzi mkuu hutakiwa kujiuzulu miezi sita kabla, kwa uchaguzi mdogo sheria inampa siku saba tangu kiti kitangazwe kuwa wazi. Mwalimu au afisa wa kaunti anayesubiri kuona upepo unavyovuma hujikuta amechelewa.

Kisha kuna kosa la kushangaza linalowapata hata watu mashuhuri: kutokuwa mpigakura. Katiba inataka mwaniaji awe amesajiliwa kupiga kura, ingawa si lazima iwe katika eneobunge analowania. Mwaka 2019, kiti cha Kibra kilipobaki wazi kufuatia kifo cha Ken Okoth, msimamizi wa uchaguzi alizikataa karatasi za mwanasoka wa zamani McDonald Mariga kwa sababu jina lake halikuonekana katika sajili. Kamati ya kutatua mizozo ya IEBC ilimrejesha siku chache baadaye. Akawania kwa tiketi ya Jubilee na kupata kura 11,230 dhidi ya 24,636 za Imran Okoth wa ODM. Kamati hiyo ina siku kumi tu za kuamua malalamiko, na katika kalenda ya siku 48 kumi ni nyingi.

Sajili iliyofungwa

Swali linaloulizwa kila mara: je, mwanasiasa anaweza kuleta wapigakura kwa mabasi kutoka kaunti jirani? Kuwasajili upya, hapana. Sheria ya Uchaguzi inasimamisha usajili katika eneo husika tangu kiti kitangazwe kuwa wazi hadi siku ya kura. Aliyehamia jana hawezi kubadilisha kituo, na kijana aliyetimiza miaka 18 baada ya tangazo atasubiri. Kinachowezekana, na ndicho kinachofanyika, ni kuwasafirisha wale waliosajiliwa hapo ambao wanaishi kwingine. Eneobunge la mashambani lina wapigakura wengi walio Nairobi au Mombasa kikazi, na siku ya uchaguzi mdogo, tofauti na uchaguzi mkuu, hawako nyumbani kwa desturi. Mwenye pesa za nauli anapata faida ambayo haimo katika hesabu yoyote ya umaarufu.

Kwa hiyo usiisome kura ya uchaguzi mdogo kama kipimo cha nchi nzima. Wanaojitokeza ni wachache zaidi, na ni wale walioshikwa mkono. Katika uchaguzi mkuu kila kigogo yuko kwake akipigania kura zake. Katika uchaguzi mdogo wote wanahamia sehemu moja, mawaziri kwa magavana, pamoja na miradi ya barabara na stima inayokumbukwa ghafla. Pande zote zikimimina nguvu kwenye vituo vichache hivyo, tofauti hupungua mno. Kiambaa, Julai 2021: John Njuguna Wanjiku wa UDA 21,773, Kariri Njama wa Jubilee 21,263. Mbeere North, Novemba 2025: Leo Muthende wa UDA alimpita Karish wa DP kwa kura zisizofika 500. Washindi wote wawili walisherehekewa kana kwamba mkoa mzima umesema.

Msongamano huo pia ndio unaoleta fujo. Kampeni halali ni kati ya saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na hukoma saa 48 kabla ya kura. Kila mwaniaji hupewa ratiba na msimamizi wa uchaguzi ili misafara isikutane, lakini eneobunge moja lina soko kubwa moja au mawili na kila mtu analitaka siku ya gulio. Kasipul misafara ilikutana, watu wakafa, na IEBC ikawatoza Boyd Were wa ODM na Aroko faini ya Sh1 milioni kila mmoja. Tume ina uwezo wa kumzuia mwaniaji kabisa. Ilichagua faini, na wote wawili wakabaki kwenye karatasi ya kura.

Kituoni

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliye kwenye foleni saa hiyo anapiga kura. Kituo kimoja hakizidishi wapigakura 700, ndiyo maana shule moja inaweza kuwa na vituo vitatu au vinne, kila kimoja na sanduku lake na fomu yake. Mpigakura hutambuliwa kwa alama za vidole kwenye kifaa cha KIEMS.

Hesabu hufanyika pale pale kituoni. Afisa msimamizi anaifunua kila karatasi mbele ya maajenti na kutaja jina. Kura hukataliwa ikikosa alama rasmi, ikiwa na alama kwa wawaniaji zaidi ya mmoja, ikiwa na maandishi yanayomtambulisha mpigakura, au ikiachwa bila alama. Ajenti asiyekubaliana na uamuzi anapaswa kusema hapo hapo ili kura ihesabiwe kuwa yenye mzozo. Akinyamaza, kesho mahakamani atakuwa na kazi ngumu. Anaweza pia kuomba kura zihesabiwe upya, si zaidi ya mara mbili.

Matokeo huandikwa katika Fomu 35A. Hii ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote katika uchaguzi wa ubunge. Kwa seneta ni 38A, kwa diwani 36A. Maajenti hutia sahihi na kupewa nakala, nyingine hubandikwa mlangoni, na zote za eneobunge huishia kituo cha kujumlishia kura, ambako msimamizi huzijumlisha katika Fomu 35B na kumpa mshindi cheti. Ajenti kukataa kutia sahihi hakuyabatilishi matokeo peke yake. Wapo maajenti wanaoondoka kwa hasira bila nakala, wakidhani wamesusia uchaguzi, kumbe wamemnyima mwaniaji wao ushahidi pekee ambao angeulinganisha na 35B. Mahali ambapo tofauti ni kura 21, tarakimu moja iliyonakiliwa vibaya kutoka 35A kwenda 35B inatosha kubadilisha mbunge.

Mwaniaji makini hugawanya maajenti wake hivi: mmoja kila kituo, wenye simu ya kupiga picha ya 35A ikiwa mlangoni, na wachache wanaojua hesabu kwenye kituo cha kujumlishia, wakiwa na orodha yao wenyewe. Katika uchaguzi mkuu chama hukosa watu wa kutosha kwa mpango huo. Katika uchaguzi mdogo hakuna kisingizio.

Tume ilipokosa watu

Haya yote yanachukulia kwamba kuna mtu wa kupokea barua ya Spika. Tarehe 5 Januari 2023 IEBC iliendesha chaguzi ndogo za Garissa Township na Kandara pamoja na useneta wa Elgeyo Marakwet, viti vilivyoachwa na Aden Duale, Alice Wahome na Kipchumba Murkomen walioteuliwa mawaziri. Siku chache baadaye mwenyekiti Wafula Chebukati na makamishna wawili waliosalia naye walimaliza muda wao. Wenzao wanne walikuwa wameshajiuzulu au walikuwa njiani kuondolewa kufuatia mgawanyiko wa uchaguzi wa 2022. Tume ikabaki na wafanyakazi bila kamishna hata mmoja, na bila kamishna hakuna wa kutangaza tarehe.

Mwezi Machi mwaka huo mbunge wa Banissa, Kullow Maalim Hassan, alifariki. Mwenyekiti mpya, Erastus Ethekon, na makamishna wenzake waliapishwa 11 Julai 2025, na Banissa ikapiga kura 27 Novemba 2025 pamoja na Malava, Mbeere North, Kasipul, Ugunja, Magarini, useneta wa Baringo na wadi kadhaa. Eneobunge hilo la kaunti ya Mandera lilikaa miaka miwili na miezi minane bila mbunge, ilhali Katiba inasema siku 90. Katiba haisemi nini kifanyike siku hizo zikipita, wala haimwadhibu yeyote. Nadhani hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika mpangilio huu, na hakuna marekebisho ya fomu yatakayoliziba.

Kesi na saa inayoendelea kukimbia

Asiyeridhika ana siku 28 tangu matokeo yatangazwe kuwasilisha kesi Mahakama Kuu, na ndani ya siku kumi baada ya hapo aweke dhamana ya Sh500,000. Wengi hukwama kwenye hiyo dhamana. Mahakama Kuu ina miezi sita ya kuamua. Aliyeshindwa ana siku 30 za kukata rufaa, na Mahakama ya Rufaa nayo ina miezi sita.

Chukua kura za 27 Novemba 2025 na uhesabu. Mwisho wa kufungua kesi, karibu na Krismasi. Hukumu ya kwanza, ikichelewa kadiri sheria inavyoruhusu, mwishoni mwa Juni 2026. Rufaa iwe imewasilishwa mwishoni mwa Julai na iamuliwe mwishoni mwa Januari 2027. Uchaguzi ukifutwa siku hiyo, siku 90 mpya zinakwisha mwishoni mwa Aprili. Uchaguzi mkuu ni 10 Agosti 2027, na Katiba inakataza kujaza kiti ndani ya miezi mitatu kabla yake, yaani kuanzia takriban 10 Mei. Zinabaki wiki mbili hivi za nafasi. Kesi ikipanda hadi Mahakama ya Juu, kama ya Magarini ilivyopanda, wiki hizo zimekwisha, na aliyeapishwa kwa kura zenye mashaka atakuwa amekalia kiti hadi bunge livunjwe.